Mpiga dramu wa James Brown alikuwa na jina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Najua barua za wasomaji huwa fupi, na hii imenishinda kuifupisha. Ukiona lazima uikate, ikate popote upendapo, ila kuna jina moja humu ndani nakuomba sana usiliguse.

Desemba iliyopita, mlipokumbuka siku aliyofariki James Brown, mwimbaji wa Marekani, ile Krismasi ya mwaka 2006, mlimpa ukurasa mzima. Niliisoma makala hiyo mara mbili. Mwandishi wenu alifanya kazi. Aliandika juu ya utoto wa dhiki, juu ya miguu yake isiyotulia, juu ya lile joho alilokuwa akifunikwa mabegani kisha analitupa na kurudi kuimba, na hakusahau safari ya Kinshasa mwaka 1974. Katikati ya ukurasa mkaweka picha kubwa: James Brown kapiga magoti, maikrofoni mkononi, jasho linamtiririka. Nyuma yake, upande wa kushoto, kuna mtu ameketi kwenye dramu. Kinachoonekana ni kiwiko na kijiti kimoja kilichoinuliwa. Kichwa cha mtu huyo kimefunikwa na kichwa cha habari. Chini ya picha mkaandika: "James Brown akiwa jukwaani na bendi yake."

Kiwiko kile hakijanitoka tangu Desemba. Makala nzima ilisifu "mdundo wa James Brown", na mahali pamoja mwandishi akasema kwamba mdundo huo ndio baba wa muziki wote wanaocheza vijana leo. Maneno hayo ni kweli tupu. Lakini James Brown hakuwa amekaa kwenye dramu. Alikuwepo mtu, ana jina, ana mji aliozaliwa na mji aliozikwa moyoni mwa watu, na ukurasa mzima haukuwa na nafasi ya maneno mawili.

Anaitwa Clyde Stubblefield.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili linaniuma mimi. Nimepiga dramu katika bendi za dansi kwa miaka 26, tangu 1983 mpaka mgongo uliponikataza mwaka 2009. Mwaka 1988 kaka yangu, aliyekuwa baharia, aliniletea kaseti aliyorekodiwa na mwenzake melini. Hakuna picha, hakuna jalada, ni karatasi tu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: "J. Brown". Upande wa pili kulikuwa na wimbo mrefu, saksafoni inazunguka, kinanda kinachokonoa, gitaa linakwaruza. Baada ya dakika tano na ushee, vyombo vyote vikanyamaza, zikabaki dramu peke yake.

Mhariri, nilisimamisha kaseti. Nikairudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Usiku ule nilirudisha nyuma mpaka mama watoto akatoka chumbani kuniuliza kama redio imeharibika.

Kwa miaka mingi niliamini ni James Brown mwenyewe anayepiga, maana jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi. Nimewaambia hivyo wanamuziki wenzangu, nimewaambia vijana niliowafundisha. Nilimsingizia sifa isiyo yake, na mwenye sifa akiwa hai, anapiga dramu kila wiki, upande wa pili wa dunia. Nililijua jina mwaka 2003 nikiwa kwenye intaneti kafe, nimelipia nusu saa, na nusu saa yote nikaimalizia kwa kulisoma jina hilo.

Clyde Stubblefield alizaliwa tarehe 18 Aprili 1943 huko Chattanooga, jimbo la Tennessee, Kusini mwa Marekani. Ulikuwa mji wa viwanda na reli. Hakusomea muziki na hakujua kusoma noti. Alisema mwenyewe kwamba mwalimu wake alikuwa mji: mabomba ya kiwanda yakipumua, treni ikipita juu ya maungio ya reli, mashine zikirudia sauti zile zile kutwa nzima. Mtoto anatembea njiani, anapatanisha hatua zake na sauti hizo. Mimi naamini kila neno la habari hiyo, kwa sababu inasikika katika upigaji wake. Sikiliza mkono wake wa kulia. Ni treni.

Akiwa kijana alipiga na bendi za kwao, baadaye akahamia Macon, Georgia, mji ambao muziki wa soul, muziki wa watu weusi wa Marekani, ulikuwa umeota mizizi. Mwimbaji Otis Redding alitokea hapo, na Clyde alipata kumpigia. James Brown naye alikuwa amepita Macon katika siku zake za mwanzo. Mwaka 1965 James Brown akamsikia Clyde akipiga klabuni, akamtaka. Alipofika jukwaani kwa mara ya kwanza alikuta zimepangwa dramu zaidi ya seti moja na wapigaji wake wapo. James Brown alikuwa na tabia ya kuweka wapigaji kadhaa kwa pamoja, amchoke huyu amgeukie yule. Miaka ilivyosonga wakabaki wawili wa kutegemewa: Clyde na John Starks, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jabo, mzaliwa wa Alabama, aliyekuwa amepiga kwa mwimbaji Bobby Bland.

Wasomaji wako wanaopenda "Sex Machine" ya mwaka 1970 wajue kwamba hapo wanamsikia Jabo. Jabo alipiga kama mtu anayepiga pasi shati jeupe, kila kitu kimenyooka, hakuna kunjo. Clyde alikuwa mtu wa kusemezana. Mkono wake wa kushoto haukunyamaza. Watu wanapenda kuwapambanisha hao wawili, wao wenyewe hawakupambana. Walipozeeka waliunda kikundi chao wakazunguka wakipiga dramu mbili jukwaa moja.

Sasa nieleze mdundo wenyewe, maana hapa ndipo makala yenu ilipopita mbio.

Mwezi Mei 1967, katika studio za King mjini Cincinnati, walirekodi "Cold Sweat". Wimbo huo uliandikwa na James Brown pamoja na mpiga saksafoni wake Pee Wee Ellis. Kabla ya hapo, mpiga dramu wa soul alikuwa na kazi inayojulikana: pigo la pili na la nne kwenye snea, yaani ile dramu ndogo yenye waya chini, na watu wanapiga makofi hapo hapo. Katika "Cold Sweat" Clyde analipiga pigo la pili mahali pake, halafu lile la nne analichelewesha kidogo. Unanyoosha mkono kulipokea, halipo. Limekuja nyuma yake. Mwili wa msikilizaji unajikuta umening'inia hewani kwa nukta moja, na hiyo nukta ndiyo inayomfanya acheze. Gitaa, besi na saksafoni zote zikaanza kujipanga kuzunguka ucheleweshaji huo. Nyimbo ziliacha kupanda na kushuka, zikakaa mahali pamoja na kuchimba. Muziki uliokuja kuitwa funk ulishika njia yake hapo, na ramani yake ilikuwa mkononi mwa mtu aliyefundishwa na treni.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka mzito. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa Memphis, na miji mingi ya Marekani ikawaka moto. Kesho yake James Brown alikuwa na onyesho Boston. Meya wa mji, Kevin White, akakubali onyesho lisifutwe bali lirushwe kwenye televisheni watu wakae majumbani. Filamu ya usiku ule ipo. Inafika mahali vijana wanapanda jukwaani, polisi wanaanza kuwasukuma, James Brown anawaambia polisi warudi nyuma, anawaambia vijana wateremke, na wote wanamtii. Clyde yuko nyuma kwenye dramu usiku ule. Agosti mwaka huo huo akapiga kwenye "Say It Loud – I'm Black and I'm Proud", wimbo ambao watoto wanaitikia kwamba wao ni weusi na wanajivunia. Wimbo huo watu weusi wa Marekani waliuimba barabarani. Mguu uliokuwa ukiusukuma ulikuwa wa Clyde.

Kisha tarehe 20 Novemba 1969, tena Cincinnati, wakarekodi wimbo uliokuja kunifikia mimi kwenye kaseti ya baharia. Unaitwa "Funky Drummer". Nitakaa hapa kidogo, Mhariri, niwie radhi.

Wimbo wenyewe hauna mambo mengi. Ni bendi inayozungusha kitu kimoja, James Brown anapiga kinanda na kusema maneno ya kuhamasisha. Clyde mwenyewe aliwahi kusema hakuupenda sana wimbo huo. Baada ya muda James Brown anawaambia wenzake kwamba anataka kumwachia mpiga dramu nafasi, kila mtu atulie akihesabu. Na anamwambia mpiga dramu neno ambalo kila mpigaji kijana anapaswa kuliandika ukutani: usionyeshe ufundi, endelea tu na hicho ulicho nacho. Anahesabu mpaka nne. Kimya. Zinabaki dramu kwa mizunguko minane, kama sekunde ishirini hivi. Baada ya sekunde hizo, bendi ikisharudi, James Brown anautaja wimbo jina: mpiga dramu wa funk. Anautangaza wimbo kwa cheo cha mtu aliyeko mbele yake.

Nini kinapigwa hapo? Mkono wa kulia uko kwenye matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, unagonga mapigo kumi na sita katika kila mzunguko, mkono mmoja, na mzunguko hauzidi sekunde mbili na nusu. Hapa na pale matoazi yanafunguka kidogo, yanahema, yanafungwa. Mguu wa kulia unasukuma dramu kubwa. Hayo mtu mwenye bidii atayaweza baada ya mwezi. Kazi iko kwenye mkono wa kushoto. Pigo la pili na la nne linatoka kwa nguvu, wazi kabisa. Katikati ya hayo makubwa, mkono huo huo unaangusha mapigo madogo madogo juu ya ngozi, kijiti hakiinuki hata inchi mbili, sauti yake kama mtu anayenong'ona akiwa chumba cha pili. Ukisikiliza kwa redio ndogo hutayasikia. Yaondoe, utaona mdundo umekufa. Ni kama chumvi.

Mimi nilihangaika nayo miaka mitatu. Nilifunga vijiti kwa mpira nisiviinue sana, nilipigia juu ya mto usiku nisisumbue watu. Niliweza mwendo wake. Kile cha kwake, ule utulivu wa mtu asiye na haraka ndani ya kitu chenye haraka, sikukipata, na sijamsikia aliyekipata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Clyde aliondoka kwa James Brown. Ilikuwa bendi ya kijeshi: ukikosea noti unakatwa mshahara, viatu visipong'aa unakatwa mshahara. Mwaka 1971 akatua Madison, jimbo la Wisconsin, mji wa chuo kikuu huko Kaskazini kwenye theluji, na hakuhama tena. Kwa miongo mingi alipiga na bendi yake mjini humo usiku wa Jumatatu, na kwa miaka mingi akapiga kwenye kipindi cha redio ya umma ya Wisconsin. Wanafunzi walilipa kiingilio kidogo wakamwona kwa karibu kuliko nilivyokuona wewe, Mhariri, na wengi wao hawakujua ni nani.

Wakati yeye yuko Madison, zile sekunde ishirini zilianza kusafiri. Mwaka 1986 ilitoka santuri ya mkusanyiko wa nyimbo za James Brown iliyourudisha "Funky Drummer" madukani. Miaka hiyo hiyo mashine za kunasa sauti zilianza kushuka bei. Kijana wa New York aliweza kunasa kipande cha santuri, akakikata, akakizungusha bila mwisho, akaimba juu yake. Alihitaji kipande kisicho na gitaa wala saksafoni, kilicho safi, chenye uhai. Kilikuwepo kimoja kilichokuwa kinangoja tangu 1969.

Kundi la rap la Public Enemy walikitumia zaidi ya mara moja, ukiwemo wimbo wao "Fight the Power" wa mwaka 1989. LL Cool J akakitumia. N.W.A wakakitumia. George Michael akakiweka ndani ya "Freedom! '90". Sinéad O'Connor wa Ireland akachukua shairi la kale la maombolezo la kwao, akaliimba juu ya dramu za Clyde, na mtu akilisikia anadhani viliumbwa pamoja. Nyimbo zilizonyofoa kipande hicho zimepita elfu moja. Mjukuu wangu alinichezea mmoja kwenye simu, akaniambia, "Babu, hii biti imetengenezwa na kompyuta." Nikamwambia hapana, hiyo imetengenezwa na mtu wa Chattanooga, keti nikusimulie.

Mtu huyo wa Chattanooga alilipwa nini kwa nyimbo hizo elfu moja? Mwandishi wa wimbo, kwenye karatasi, ni James Brown peke yake. Sheria ya hakimiliki inatambua mambo mawili: utunzi na rekodi. Utunzi, kwa mazoea ya miaka yote, ni maneno na melodi ya wimbo. Mdundo wa dramu huhesabiwa kuwa upigaji tu, si utunzi. Rekodi ni ya aliyeigharimia. Clyde alikuwa mwajiriwa, alilipwa ujira wake, siku ikaisha. Isitoshe rekodi zote za Marekani zilizofanywa kabla ya tarehe 15 Februari 1972 hazikuwa na ulinzi wa sheria ya hakimiliki ya shirikisho, na zilikaa hivyo mpaka mwaka 2018. Redio za kawaida za Marekani hadi leo humlipa mtunzi. Mwimbaji na mpigaji hawapati kitu. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua kwamba kunyofoa kipande bila ruhusa ni wizi, na tangu hapo wanamuziki wa rap wakaanza kulipia. Lakini walimlipa nani? Mwenye utunzi na mwenye rekodi. Fedha ilipita juu ya kichwa cha aliyepiga kama ndege anavyopita juu ya shamba.

Sisemi hivi kumchafua marehemu James Brown. Yeye ndiye aliyemsikia Clyde katika klabu ya Macon. Yeye ndiye aliyenyamazisha bendi nzima ili dramu zisikike, na wakuu wengi wa bendi niliowapigia hawakuwahi kunifanyia hivyo hata wimbo mmoja. Alikuwa na sikio. Alijua pale studioni kwamba mbele yake kuna kitu. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kuelewa kwa nini jina halikuandikwa.

Maana Clyde mwenyewe, alipoulizwa na waandishi, mara nyingi alisema fedha si jambo la kwanza. Alichotaka ni jina lake liwepo kwenye jalada. Kuna watu wamelisoma hilo wakaona ni unyenyekevu. Mimi sioni hivyo, nami nina sababu. Mwaka 1991 bendi yetu ilirekodi nyimbo kumi na moja. Kaseti ilipotoka, jalada lilimtaja mwenye bendi, waimbaji wote, wapiga magitaa wote, mpaka aliyetupiga picha. Mwishoni wakaandika: "na wengineo". Wengineo tulikuwa wawili, mimi na mpiga tumba. Mke wangu alichukua kalamu, akaandika jina langu pembeni kwa herufi kubwa, akairudisha kaseti kabatini bila kusema kitu. Mke wangu ametangulia mbele ya haki. Kaseti ninayo, na wino umefifia, lakini unasomeka.

Miaka ya 2000 Clyde aliugua saratani, na baadaye figo zikamsumbua. Hakuwa na bima ya afya. Watu wa Madison walimchangia kwa maonyesho ya hisani, wanamuziki wakapiga bure ili yeye atibiwe. Na kuna jambo lililokaa siri mpaka mwaka 2016, mwanamuziki Prince alipofariki, ndipo Clyde akalisema hadharani: bili yake ya hospitali, kama dola 90,000, ililipwa na Prince. Prince alikuwa amekulia Minneapolis akisikiliza santuri zile. Hakutaka litangazwe. Naona alikuwa analipa deni la watu wengi sana.

Clyde Stubblefield alifariki Madison tarehe 18 Februari 2017 kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka 73. Mwezi Mei mwaka huo Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, naye hayupo kuivaa. Jabo Starks alimfuata tarehe 1 Mei 2018. Mwishoni mwa 2021 mali za muziki za James Brown, haki za nyimbo pamoja na jina lake, ziliuzwa kwa bei iliyoripotiwa kuwa takriban dola milioni 90. Ndani ya mali hizo zimo haki za wimbo wenye zile sekunde ishirini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako huwa linachapa masahihisho pembeni mwa ukurasa wa pili, jina likikosewa au cheo. Naomba mchapishe sahihisho la makala ya Desemba. Na kuanzia sasa mwandishi wenu anapoandika "mdundo wa" fulani, apige simu moja zaidi, aulize nani alikuwa amekaa kwenye dramu, nani alishika besi. Kwa wanamuziki wa kale wa huko Marekani majibu yapo, yameandikwa, hayahitaji hata nauli. Na picha zikipangwa, kichwa cha habari kiwekwe mahali kisipofunika uso wa mtu.

Sijui kiwiko kile pichani ni cha Clyde, cha Jabo au cha mwingine aliyekuja baada yao. Hilo mnaweza kulijua ninyi wenye picha nzima. Ikiwa ni ya miaka ya 1965 hadi 1970, uwezekano ni mkubwa. Mkiona ni yeye, jina lake linaandikwa hivi, wachapaji wasikosee: Clyde, kwa y, Stubblefield, neno moja, b mbili katikati.

Wako,
Mpiga dramu mstaafu